Ripoti ikisema "tunaongeza rangi": maabara inavyotenganisha uvimbe wa tezi na saratani

Kuna karatasi moja inayotia watu wasiwasi majumbani kuliko hata ile inayosema wazi kwamba mgonjwa ana saratani. Ni ripoti ya maabara inayosema kuwa nyama iliyotolewa imetazamwa, pana sehemu inayotia shaka, na uamuzi utatolewa baada ya kipimo kingine cha rangi. Mgonjwa akifika nayo nyumbani, kabla ya Magharibi imeshasomwa na watu kumi, na kila mmoja ana tafsiri yake. Mmoja atasema, "Si hawakuona kitu? Basi huna ugonjwa." Mwengine atasema madaktari wameshajua ila wanaficha. Na hakosi wa tatu wa kusema hiyo ni mbinu ya kula pesa: nyama ililipiwa juzi, leo inalipiwa tena.

Tafsiri hizo si mchezo. Anayeambiwa hana kitu huacha kurudi hospitali, na akija kurudi baada ya mwaka uvimbe umeshavuka pale ulipokuwa. Anayeamini kuwa tayari ni saratani huanza kuuza kiwanja apate nauli ya India kabla hajajua anakwenda kutibiwa nini. Ndiyo maana leo nataka tuizungumze rangi yenyewe: ni ya nini, inaonyesha nini, na kwa nini kuna wakati hata daktari bingwa hawezi kusema kweli bila hiyo.

Kwanza tuelewane juu ya neno tezi. Tezi ni kiungo kinachotengeneza majimaji fulani ya mwili au homoni. Tezi za mate ziko mbele ya masikio na chini ya taya. Titi ni tezi, na kazi yake ni maziwa. Tezi dume, iliyo chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume, hutoa sehemu ya maji ya shahawa. Tezi ya shingoni, ambayo ikifura twaiita rovu, hutoa homoni. Mtoki, ule uvimbe wa kinenani unaomjia mtu mwenye kidonda mguuni, watu huuita tezi pia, lakini huo ni mlango mwengine na sitauingia hapa.

Tezi yoyote kati ya hizi inaweza kuota uvimbe wa aina mbili. Kuna uvimbe mpole, unaokua pale pale ulipo na hauvamii majirani. Na kuna saratani, inayopenya nyama ya pembeni, kisha ikaingia kwenye damu na kusafiri mpaka mifupani, mapafuni au kwenye ini. Nikisema mpole simaanishi hausumbui. Wazee wetu wengi wanaoamka mara nne usiku kwenda msalani, au wanaofungwa mkojo mpaka wawekwe mpira, wana tezi dume iliyokua kwa umri tu. Karibu nusu ya wanaume waliofika miaka 60 wana ukuaji huo. Unatesa, lakini si saratani na haugeuki kuwa saratani.

Kwa mkono, tofauti hiyo haijulikani kwa uhakika. Ni kweli kwamba uvimbe mpole wa titi kwa wasichana huteleza chini ya vidole kama gololi, na saratani aghalabu huwa ngumu na imeng'ang'ania. Lakini vidole hudanganya. Picha za mashine nazo hutia shaka zaidi kuliko kutoa hukumu. Kipimo cha damu cha PSA, ambacho wanaume wengi sasa wanakijua, hupanda kwa saratani, hupanda kwa tezi iliyokua kwa umri, na hupanda kwa maambukizi ya kawaida. Kwa hivyo panafika mahali pa kutoa kipande cha nyama, na hapo ndipo wengi wetu hurudi nyuma.

Pwani nzima utasikia kuwa kisu huamsha saratani: uvimbe umelala, ukiuchokoza unaruka. Imani hii ina asili yake. Kwa miaka mingi watu walifika hospitali uvimbe ukiwa umeshatoboka ngozi au umeshafika mifupani. Wakakatwa, ikapatikana saratani, na baada ya miezi michache wakazikwa. Waliobaki wakakumbuka kisu, hawakuikumbuka ile miaka miwili ya kungoja. Sindano ya kuchukua nyama haiwezi kuugeuza uvimbe mpole kuwa saratani. Na kwa titi na tezi dume, hatari ya seli za saratani kusambazwa na njia ya sindano ni ndogo mno ukiilinganisha na hatari ya kutibu kitu usichokijua. Mwenye dua na kombe aendelee na dua na kombe. Lakini nyama ifike maabara.

Nyama ikifika huko, hukaushwa maji yake, hutiwa katika nta ya moto, na nta ikiganda hupatikana kijitofali kidogo kinachoitwa bloku. Bloku hiyo hukatwa kwa mashine kama mtu anayeparura jibini, ila kila kipande kina unene wa mikroni 3 au 4 tu. Unywele mmoja wa kichwani una mikroni 70 hivi, basi piga hesabu mwenyewe. Kipande hicho hubandikwa kwenye kioo, na bila rangi hakionekani kitu: ni ukungu mtupu.

Rangi za kwanza ni mbili, na zimetumika tangu karne ya 19. Moja, hematoksilini, hutolewa kwenye moyo wa mti unaoota Amerika ya Kati, nayo hukitia kiini cha seli rangi ya buluu iliyokolea. Ya pili, eosini, hutia sehemu zinazobaki rangi ya waridi. Mwanamke wa Kiswahili anayejua hina hahitaji kufundishwa kuwa rangi haishiki kila mahali sawasawa. Kiganja hukoza kuliko mgongo wa mkono, kwa sababu ngozi ni tofauti. Maabara nayo inatumia jambo lilo hilo. Kwa rangi hizi mbili peke yake, mtaalamu wa patholojia hutoa jibu kwa wagonjwa walio wengi. Saratani iliyokomaa haifichiki: seli zimevurugika, viini ni vikubwa na havilingani, mpangilio umekufa.

Taabu ni zile zinazobaki.

Ili uone taabu hiyo iko wapi, inabidi ujue tezi imejengwaje. Chukua titi au tezi dume, ukate kipande na ukitazame kwa hadubini. Utaona vijimfereji vingi vilivyokatwa kwa upana, kila kimoja ni duara lenye uwazi katikati. Duara hilo lina safu mbili za seli. Safu ya ndani ndiyo inayofanya kazi ya kutoa maziwa au majimaji. Safu ya nje imeizunguka ile ya ndani kama ua wa makuti unavyoizunguka nyumba. Katika titi, seli za ua huo zina nguvu ya kujikaza, na mtoto anaponyonya ndizo zinazominya maziwa yatoke. Katika tezi dume seli za safu hiyo huitwa seli za msingi.

Tezi nzima ina ua. Uvimbe mpole, hata ukiwa umejaa vijimfereji kupita kiasi, bado kila kimoja kimezungukwa na ua wake. Saratani inayovamia huwa haina ua. Seli zake zimetoka nje, zimekaa kwenye nyama tupu, hakuna kinachozizuia. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika viungo hivi viwili.

Sasa kwa nini daktari asiangalie tu kama ua upo? Kwa sababu mara nyingi hauonekani kwa rangi za kawaida. Seli za ua ni bapa, zimebanwa, na zinaweza kufanana na seli za nyama ya pembeni. Kuna uvimbe mpole wa titi ambao makovu yake huviminya vijimfereji mpaka vikawa kama nyuzi zilizotawanyika ovyo, na kwa macho unafanana kabisa na saratani iliyopenya. Mwanamke anaweza kukatwa titi zima kwa kosa la kuusoma vibaya uvimbe wa aina hiyo. Kwa upande wa pili, tezi dume huchukuliwa kwa sindano vipande kama 12, kila kimoja chembamba kama utambi wa tambi, milimita 1 kwa upana na urefu wa sentimita 1 au 2. Saratani yote iliyonaswa inaweza kuwa vijimfereji vitatu au vinne vidogo katika kipande kimoja, safi, vimetulia, havina fujo yoyote ya kushtua. Hapo ndipo mtaalamu anayejiheshimu husimamisha kalamu na kuandika kuwa anaongeza rangi.

Rangi hiyo ya pili si rangi ya kupaka tu. Jina lake la kitaalamu ni imunohistokemia, na silaha yake ni kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu. Sifa ya kingamwili ni kwamba moja hushika kitu kimoja tu. Mnamo 1941, mtafiti wa Marekani Albert Coons na wenzake walifaulu kuifunga kingamwili na kemikali inayong'ara, wakaweza kuona kwa hadubini mahali ilipojishika. Mwaka wa 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, wakavumbua njia ya kutengeneza kingamwili ya aina moja safi kwa wingi usiokwisha, na mwaka wa 1984 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Kingamwili nyingi za maabara mpaka leo asili yake ni panya au sungura.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kipande kipya hukatwa kutoka bloku ile ile, kwa hivyo mara nyingi mgonjwa hachomwi sindano tena. Huchemshwa katika maji ya dawa ili zifunguke protini zilizokuwa zimefungwa na formalini. Kisha hutiwa kingamwili inayotafuta protini moja iliyo kwenye seli za ua na haiko kwenye seli za ndani. Juu yake hutiwa kingamwili ya pili inayoikamata ile ya kwanza, nayo imebeba kimeng'enya kilichotolewa kwenye mzizi wa mmea mmoja mkali wa jamii ya haradali. Mwisho hutiwa dawa ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa rangi ya kahawia. Popote protini hiyo ilipo, pana kahawia. Popote isipokuwepo, panabaki buluu iliyofifia.

Protini zinazotafutwa zina majina ya ajabu, na mgonjwa atayaona kwenye ripoti. Maarufu ni p63. Hii hukaa ndani ya kiini, kwa hivyo ua ukiwa upo utaona vitone vya kahawia vimejipanga kulizunguka duara kama punje za tasbihi. Kwa titi huongezwa kalponini au protini ya misuli laini, kwa kuwa seli za ua wa titi zina tabia ya misuli. Kwa tezi dume huongezwa keratini za aina fulani, ambazo huandikwa CK5/6 au 34βE12, nazo hutia kahawia mwili wa seli na si kiini. Wataalamu hawapendi kutegemea protini moja, na wana haki: ikikosea moja, ya pili itaisuta.

Basi tasbihi ikionekana imezunguka kila kijimfereji, hata kile kilichominywa na kovu, uvimbe ule ni mpole na titi linabaki. Tasbihi isipoonekana popote katika sehemu inayotiliwa shaka, ilhali kijimfereji kizima cha jirani kwenye kioo hicho hicho kimepata kahawia yake, basi hiyo ni saratani iliyovamia. Hicho kijimfereji cha jirani kina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Ndicho shahidi kwamba kipimo kilifanya kazi. Kama hata nyama nzima haikushika rangi, kipimo kimeharibika na hakuna hukumu inayoweza kutolewa.

Kuna hali ya katikati, na hii inafaa ieleweke vizuri kwa sababu ndiyo inayookoa watu. Wakati mwengine seli za ndani ya kijimfereji zimekuwa za saratani kabisa, zimejaa mpaka zimeziba uwazi, lakini ua wa nje bado umesimama. Hiyo ni saratani iliyofungiwa. Haijatoka, na kwa kuwa haijatoka haijasafiri. Mwanamke anayegunduliwa katika hatua hiyo akatibiwa ana matumaini makubwa mno ya kupona. Ripoti mbili zinaweza kuandika neno saratani na zikawa na maana zilizo mbali kama Lamu na Vanga. Kinachozitenganisha ni ule ua.

Na kabla ya kufika kwenye saratani iliyofungiwa, kuna msongamano wa seli usio saratani, nao pia huziba uwazi. Hapa ua upo katika hali zote mbili, kwa hivyo p63 haisaidii. Maabara hutazama kitu chengine: je, seli zilizojaa mle ndani ni mchanganyiko, au zote ni za mzazi mmoja? Msongamano wa kawaida ni kama soko la Kongowea, kila mtu ametoka kwao. Ukitia rangi ya CK5/6, baadhi ya seli hushika na nyengine hazishiki, madoadoa. Saratani huanza na seli moja iliyoharibika ikajizaa yenyewe, kwa hivyo watoto wote wamefanana: CK5/6 hawaishiki hata mmoja, na rangi ya kipokezi cha homoni ya estrojeni aghalabu huishika wote kwa pamoja. Mimi hii naiona ni mojawapo ya njia za werevu zaidi katika tiba nzima, kumjua adui kwa kuona kuwa hana mchanganyiko.

Kwa tezi dume kuna rangi moja zaidi. Inaitwa AMACR, na mara nyingi huwekwa nyekundu ili itofautiane na kahawia ya ua kwenye kioo kimoja. Hiki ni kimeng'enya cha kuvunja mafuta ambacho huongezeka sana ndani ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Kijimfereji chenye wekundu na kisicho na kahawia kinashukiwa mno. Nasema kinashukiwa, kwa maana AMACR haipo katika saratani zote, na kuna vijimfereji visivyo na saratani ambavyo navyo huwa vyekundu. Vilevile ua wa tezi dume nzima unaweza kuwa na mapengo, hasa kwa mzee ambaye tezi yake imenyauka. Vijimfereji viwili visivyo na ua havitoshi kumhukumu mtu. Ndiyo sababu ripoti nyengine, hata baada ya rangi zote, huandika kwamba shaka imebaki, na mgonjwa huambiwa afuatiliwe kwa PSA na picha au achukuliwe nyama tena. Ripoti kama hiyo inaudhi. Lakini ni ya mtu aliyekataa kubahatisha na mwili wako.

Nisije nikaeleweka kuwa ua ni sheria ya tezi zote. Hata katika titi lenyewe kuna aina moja adimu ya uvimbe mpole usiokuwa na ua. Katika tezi za mate mambo yamebadilika zaidi, kwa sababu kuna saratani za huko ambazo zinajengwa na seli za ua zenyewe, kwa hivyo p63 inaweza kung'ara na bado mtu ana saratani. Uvimbe wa kawaida zaidi wa tezi ya mate, ule unaoota polepole mbele ya sikio kwa miaka bila maumivu, ni mpole, lakini ukikamuliwa tu bila kutolewa na nyama inayouzunguka huacha mbegu na kurudi, na ukiachwa miaka mingi baadhi yake hugeuka saratani. Huo usingojwe.

Rovu nalo lina kesi yake. Kuna aina ya uvimbe wa tezi ya shingoni ambao seli zake, zikitazamwa moja moja, ni zile zile ukiwa mpole au ukiwa saratani. Tofauti iko kwenye ganda: je, seli zimelitoboa ganda la uvimbe au kuingia kwenye mishipa ya damu? Sindano huvuta seli, haileti ganda. Rangi zipo zinazosaidia kukisia, na nyengine za kuonyesha kuta za mishipa, lakini neno la mwisho hutolewa baada ya kutolewa uvimbe wote na kukaguliwa ganda lake pembe zote. Kwa hivyo daktari akisema "tutatoa upande mmoja wa tezi ili tujue," hasemi hivyo kwa kutojua kazi.

Jengine linalochanganya watu ni zile rangi za ER, PR na HER2 katika ripoti ya titi. Hizi huja baada ya saratani kuthibitika, na swali lake ni saratani hii inalishwa na nini. Ikiwa angalau seli 1 katika 100 ina kipokezi cha estrojeni, saratani hiyo huhesabiwa kuwa na ER, na vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni vinaweza kufikiriwa. HER2 hupewa alama kutoka 0 hadi 3: alama ya 3 ni ndiyo, na ya 2 ni shaka inayohitaji kipimo cha jeni. Mama mmoja akikwambia "yangu ni chanya" na mwengine "yangu ni hasi", usiseme huyu ana saratani na yule hana. Wote wanayo, dawa ndizo tofauti.

Yote haya yanategemea jambo dogo linalotokea kabla maabara haijaguswa, na hapa ndipo familia ina sehemu yake. Nyama ikitolewa mwilini huanza kuoza papo hapo, na joto letu la pwani halisaidii. Inatakiwa iingie katika formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa nyama, na kwa nyama ya titi ikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Ikikaa kidogo haishikiki; ikikaa wiki mbili kwenye droo kwa sababu pesa za maabara hazijapatikana, protini hujifunga hata rangi zikashindwa kuziona, na mtu akaandikiwa hasi ilhali ni chanya.

Huku kwetu si ajabu jamaa wa mgonjwa kukabidhiwa kichupa apeleke maabara mwenyewe. Ukiwa wewe ndiye uliyekabidhiwa, uliza humo ndani mna nini. Maji ya chumvi si formalini, wala spiriti si formalini. Hakikisha jina la mgonjwa liko kwenye kichupa chenyewe na si kwenye kifuniko tu, na saa iliyotolewa nyama imeandikwa kwenye fomu. Kisha peleka siku hiyo hiyo. Usipitie arusini.

Ripoti ikirudi na maneno ya kuongeza rangi, maswali ya kumuuliza daktari si mengi. Ni sehemu gani inayotiliwa shaka? Rangi gani zinaongezwa, na majibu siku gani? Nyama iliyobaki kwenye bloku inatosha, au itabidi kuchukua nyengine? Si kila maabara ina kingamwili hizi, kwa hivyo ukiambiwa bloku inapelekwa Nairobi usishtuke. Uliza gharama mapema, na uliza pia kama bima yako inailipia, kwa sababu kila rangi huhesabiwa peke yake.

Bloku ni ya kulindwa. Maabara huziweka kwa miaka, na mgonjwa anayetaka maoni ya daktari mwengine anaweza kuziomba pamoja na vile vioo, akatia sahihi na kuzichukua. Anayekwenda Mumbai au Chennai bila bloku zake huenda akachomwa sindano upya huko, na huo ni muda na pesa. Hospitali kubwa haitaanza tiba ya saratani kwa kusoma karatasi ya mwengine. Itataka kuitazama nyama yenyewe. Zitie kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la mizigo, na usiziache kwenye gari lililofungwa juani hapa Mombasa. Ni nta, nayo ikipata moto hulainika.